Bahari haijakimbia dada yangu, maji yamekupwa

Dada mmoja wa Dodoma kaniuliza hivi: "Habari kaka. Tuko watano, mimi na mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 6, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Mwezi wa sita shule zikifungwa tunataka kwenda Zanzibar tulale usiku sita, watoto hawajawahi kuiona bahari. Jirani yangu alienda Jambiani mwaka juzi akarudi analalamika, anasema asubuhi katoka chumbani kakuta bahari imekimbia, mchanga mtupu mpaka mwisho wa macho, hela yake imeenda bure. Tufikie wapi ambako maji yapo? Na ule mji tupite tu au tulale? Wifi yangu anatokea Canada ataungana nasi hukohuko."

Karibu sana dada yangu. Swali lako zuri na nimefurahi umeuliza kabla hujalipa hoteli, kwa sababu wengi huwa wananiuliza wakiwa tayari wamekaa ufukweni na watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Mimi naongoza wageni hapa Unguja tangu 2007 na nakwambia kweli, hiyo ya jirani yako ndiyo malalamiko namba moja niliyowahi kuyasikia, wala hakudanganya, kilichomkuta ni kweli kabisa, ila hakuna aliyemwambia kwamba bahari ya upande ule ina ratiba yake na ratiba hiyo inajulikana mwaka mzima kabla.

Iko hivi. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa, yaani kushuka, mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kukupwa ni kama saa sita na kitu, na kila siku muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hilo moja. La pili ni mwezi, huu wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 za mwezi mwandamo, tunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti kati ya juu na chini inafika karibu mita 4. Halafu mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 7, 8 na 22, 23, tuna maji mafu, hapo bahari inapanda na kushuka kidogo tu, mtu mgeni anaweza hata asione tofauti. Sasa chukua hizo mita 4 za bamvua uziweke kwenye ufukwe wa Jambiani au Paje ambao ni bapa kama sahani, kina ni kifupi mpaka kwenye mwamba kule nje mawimbi yanapopasukia, maji yakiondoka yanaondoka kilomita nzima na zaidi. Huko kaskazini Kendwa na Nungwi upande wa magharibi, chini kunateremka haraka, kwa hiyo maji yaleyale yakishuka mita 4 wewe unasogea hatua chache tu unaendelea kuoga. Bahari ni moja, sakafu ndiyo tofauti.

Na kuna siri moja ambayo wavuvi wote wanaijua na wageni hawaambiwi. Hapa kwetu siku za bamvua maji yanakupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa kwenye saa kumi, kumi na moja jioni. Huwa hivyohivyo mwezi hadi mwezi. Maana yake mtu akifika mashariki siku ya mwezi mpevu, akanywa chai saa tatu, akatoka na taulo saa nne, lazima akute jangwa. Jirani yako bila shaka ndiyo siku alizoangukia. Angesubiri saa tisa alasiri angekuta maji yamemfuata mpaka kwenye ngazi za hoteli.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi nilipeleka familia moja kutoka Morogoro upande huo wa mashariki, hoteli iliwauzia kwa picha, picha zote zimepigwa maji yamejaa. Tumefika saa nne na nusu, bamvua ya tarehe 16. Kuna mtoto wa kiume wa miaka kama mitano alishuka garini amevaa boya lake la kiunoni tayari, limejazwa upepo tangu mjini, akakimbia mpaka ufukweni akasimama, akageuka akamwangalia baba yake akasema "baba, bahari iko wapi?" Sijaisahau ile sura mpaka leo na ndiyo sababu siku hizi kabla sijamuuliza mgeni bajeti namuuliza tarehe.

Sasa nije kwako. Mwezi wa sita huku ni kipupwe, masika imeisha, upepo ni wa kusi. Kusi unatoka kusini mashariki, kwa hiyo unapiga moja kwa moja fukwe za Paje, Jambiani, Bwejuu, ndiyo maana miezi hiyo Paje inajaa vijana wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji, wao upepo ndiyo wanautaka. Kwa mtoto wa miaka sita anayejifunza kuoga siyo rafiki, maji yanachafuka, majani ya baharini yanatupwa ufukweni. Kendwa na Nungwi magharibi kisiwa chenyewe kinakuwa kama ukuta, upepo umekatwa, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Ungeniuliza kwa Januari wakati wa kaskazi ningekujibu tofauti kidogo maana kaskazi unatoka upande mwingine, ila kwa Juni sina wasiwasi, lala kaskazini.

Kati ya Nungwi na Kendwa chagua hivi. Nungwi ni kijiji kikubwa, kuna maduka, kuna duka la dawa, kuna watu wanaishi maisha yao, majahazi yanachongwa palepale ufukweni kwa shoka na tezo na watoto wako wataona jinsi mbao zinavyopindwa. Kuna pia bwawa la kasa pale Mnarani, lilianzishwa 1993, wanatunza kasa walionaswa kwenye nyavu kisha wanawarudisha baharini. Ubaya wa Nungwi, bamvua ikijaa ufukwe sehemu nyingine unaisha kabisa, maji yanagonga kuta za hoteli na unapanda ngazi, na kwa magoti ya mama hizo ngazi uziulize mapema. Upande wa mashariki wa Nungwi nao unakauka kama Jambiani, kwa hiyo ukiambiwa "hoteli iko Nungwi" usiridhike, uliza Nungwi ipi, jua linazama mbele yenu au nyuma yenu? Likizama baharini mbele yenu uko upande sahihi. Kendwa ufukwe ni mpana na mchanga laini, mama atatembea bila shida, ila nyumba na maduka ni kidogo, na usiku wa mwezi mpevu huwa kuna disko kubwa la ufukweni mpaka alfajiri, mama hatalala. Mimi kwenu nyinyi ningesema Kendwa, ikiwa tarehe zenu haziangukii mwezi mpevu. Zikiangukia, Nungwi.

Usilale kaskazini siku zote sita lakini. Na hapa nakuomba unisikilize vizuri maana ndipo familia nyingi za bara zinapojinyima. Panga usiku wa kwanza mjini, yaani Mji Mkongwe, usiku tatu kaskazini, na usiku mbili za mwisho mjini tena. Sababu ya usiku wa kwanza ni safari tu. Mkipanda treni ya mwendokasi ya asubuhi Dodoma mnafika Dar kwenye mchana, stesheni hadi bandarini pa boti siyo mbali, bajaji tu, mnachukua boti ya alasiri, saa mbili hivi majini, mnashuka Malindi jioni. Kuanzia hapo kumpakia mama mwenye magoti kwenye gari saa nyingine na zaidi kwenda Nungwi gizani ni kumuadhibu. Laleni. Tiketi za boti kateni kwenye dirisha la kampuni yenyewe, yule kijana atakayewakimbilia getini anasema boti imejaa ila yeye anazo mbili msimsikilize. Bebeni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto maana raia ana nauli yake ya shilingi na mgeni ana ya dola. Kusi unachezesha boti, nakwambia mapema, kaeni sakafu ya chini katikati, msile chipsi na mayai kabla, kunyweni chai ya tangawizi, na mama aangalie upeo wa bahari asiangalie simu.

Wifi yako kama ana pasi ya Canada kuna kitu kimoja lazima akijue. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni asiye Mtanzania anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake nzuri ya huko kwao. Inalipwa mtandaoni kabla ya safari, akatayarishe asije kusimama foleni uwanja wa ndege wakati nyinyi mnamsubiri nje. Nyinyi haiwahusu.

Jioni hiyo ya kwanza nendeni Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya 2009 na kila magharibi wapishi wanatoa meza zao, taa zinawashwa, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine, watoto wako watarudi hotelini wanazungumzia hao tu. Kuleni lakini kwa akili. Meza za mbele zenye kamba na kaa zimepangwa kama maonyesho, bei yake ni ya kitalii na vingine vimepashwa moto jana na leo, uliza bei kwanza kwa kila mshikaki, siyo mwisho. Mimi napenda juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na urojo. Urojo wenyewe ukiupata kwenye vibanda vya mitaani ambako wanawake wa mji wanapanga foleni na vyombo vyao, ndiyo bora zaidi: ule mchuzi wa njano wa embe mbichi mzito, ndani kuna kiazi, badia, kachori, chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba juu zinalia kwenye meno, mshikaki mmoja, yai ukitaka, chatne ya nazi, pilipili kidogo. Mwombe aweke pilipili pembeni kwa ajili ya watoto. Bakuli moja linamtosha mtu mzima na hautalipa hata nusu ya ulichokitenga.

Kesho yake saa nne gari, kaskazini. Daladala zipo na mimi nazipenda, ila viti ni vya ubao vya pembeni, mnakaa mmebanana na mzigo, inaweza kwenda saa mbili, kwa mama hapana. Kodi gari moja ya kuwapeleka wote watano na wifi, gawaneni, na hapohapo elewana na dereva awarudishe siku ya tano akipitia Jozani au Kizimbani kwenye mashamba ya viungo. Ukipanga kwenda na kurudi kwa pamoja bei inashuka.

Siku zenu tatu za kaskazini sitaki kuzipangia sana. Watoto wataoga, wataoga tena. Asubuhi moja nendeni mkaone wanavyochonga jahazi, na kama mume anapenda kuchungulia samaki chini ya maji kuna boti za kisiwa cha Mnemba, mwamba wake ni mzuri kweli, ila Juni upande huo unapigwa na upepo, kwa hiyo aende alfajiri kabla upepo haujaamka, na watoto wabaki. Jioni mtoke wote mkae mchangani, jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, ngalawa zinarudi. Vijana wa ufukweni watawasogelea, sisi tunawaita mapapasi, wana boti, wana shanga, wana maneno matamu. Wengi ni watu wazuri wanatafuta riziki. Jibu lililo bora ni la Kiswahili na la upole, "ahsante kaka, leo tumepumzika", ukishaonyesha ni mwenyeji wa nchi wanakuacha na mara nyingine wanakuonyesha pa kula samaki kwa bei ya kijijini.

Sasa nakuomba kitu ambacho hukuuliza. Siku moja kati ya hizo, iangukie bamvua kama inawezekana, nendeni Paje au Jambiani asubuhi makusudi maji yakiwa yamekupwa. Ndiyo, palepale alipoboeka jirani yako. Mkifika saa tatu hivi mtaanza kuwaona wanawake wanashuka mmoja mmoja na magunia na kamba, kanga imefungwa kiunoni. Wanaenda kwenye mwani, majani ya baharini yanayolimwa. Zao hili liliingia kwenye vijiji vya mashariki mwaka 1989, na tangu hapo ndilo lililowapa wanawake wengi hela ya mkononi mwao wenyewe, ada za skuli zimelipwa na mwani, mabati yamepanda kwa mwani. Mkitembea mbali kidogo mtaona vijiti vimechomekwa mchangani mistari na mistari, kati yake kamba, na kwenye kila kamba vishada vidogo vimefungwa kwa kamba nyembamba kila baada ya shubiri. Mama mmoja anakaa chini kabisa kwenye maji ya kifundo cha mguu, miguu ameinyoosha, kamba iko mapajani, mkono wa kulia unafunga bila hata kuangalia huku anapiga stori na mwenzake aliye hatua kumi, na vidole vyake vimekunjamana vyeupe kwa maji ya chumvi. Kwa hawa bahari haijakimbia, kwao huu ndio wakati ofisi imefunguliwa. Wakikosa bamvua wanakosa kazi, kwa sababu maji mafu hayashuki vya kutosha wafikie kamba zao. Mazao yanakaushwa, yanapelekwa nje ya nchi, yanatolewa ute unaotumika kwenye vyakula na dawa za meno, na kwa mkulima bei haijawahi kuwa kubwa. Na maji yamezidi kupata joto, ule aina ya cottonii wenye bei nzuri unakufa karibu na pwani, wengine wamebaki na spinosum wenye bei ndogo. Basi pale kijijini ukiona sabuni ya mwani imetengenezwa na kikundi cha akinamama nunua hata mbili, usipunguze bei.

Ila kwa kutembea kule nje kuna hatari na hapa nasema kwa msisitizo. Wavae viatu, yeboyebo zinatosha, kwa sababu kuna viumbe wadogo wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye majani na mwiba wake ukivunjikia mguuni likizo imeisha. Na mwangalie maji. Yakianza kurudi hayaji kwa mbele kama unavyodhani, yanapita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, mnaweza kuwa mmesimama kwenye mchanga mkavu mnapiga picha kumbe kati yenu na nchi kavu pameshajaa mpaka kifua cha mtoto. Ukiona wanawake wanafunga magunia yao wanageuka, geuka nao. Usiwazidi wao hata kwa dakika tano.

Mkirudi mjini siku ya tano, pitieni Jozani, iko kama kilomita 35 kutoka mjini, njia ni tambarare mama atatembea bila tabu. Kuna kima punju, huyu kiasili hayupo popote duniani ila Unguja, mgongo mwekundu, nywele za kichwani zimesimama kama katoka kulala. Mtamwona anaiba makaa. Kweli kabisa, wanakula makaa ya kupikia, wataalamu wanasema yanamsaidia tumboni kupunguza sumu ya majani ya miembe na mikungu anayokula kwa wingi. Msimguse, msimpe chochote, hata akija karibu na mguu wako, na atakuja.

Halafu Mji Mkongwe, usiku mbili. Najua mtu wa bara anasema mji nimeuacha nyumbani, nimekuja bahari. Dada yangu, huu mji ndio uliokupa hiyo lugha tunayoandikiana sasa hivi, Kiswahili sanifu kilisimamishwa juu ya Kiunguja cha humu mitaani. Umewekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Waamshe watoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtembee kabla jua halijapanda na kabla maduka ya vinyago hayajafunguliwa, mtaukuta mji wenyewe: mtu anafagia baraza, mwingine anapita na baiskeli ina mikate ya mofa, wazee wako kwenye kahawa wanabishana mpira. Mama mkwe akichoka akae barazani, baraza zimejengwa kwa ajili hiyo, atasalimiwa na kila apitaye, "shikamoo mama", wala hatajisikia mgeni.

Wafundisheni watoto kusoma milango. Mlango wenye kichwa cha duara na vichwa vya shaba vilivyochongoka unaelekea India, ule wenye kichwa cha mraba ulionyooka na maandishi ya Kiarabu juu yake unaelekea Oman. Kwenye miimo tafuteni mnyororo, samaki, tende, yungiyungi. Wa miaka 9 mpe daftari achore mlango mmoja anaoupenda, hiyo itamkalisha saa nzima na wewe utapata kupumzika.

Beit el Ajaib mtaiona kwa nje. Sultani Barghash aliijenga 1883, ikawa nyumba ya kwanza hapa kuwa na umeme, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja uliporomoka na watu wawili waliokuwa kwenye ukarabati wakafariki. Mimi nilikuwa Forodhani wiki ile na vumbi lake lilikuwa bado kwenye majani ya miti. Bado inaniuma kila nikipita. Pembeni yake Ngome Kongwe, waliijenga Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, mnaingia bure, ndani kuna ukumbi wa wazi na ndipo tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likifanyika mwezi wa pili.

Mkunazini muende nyinyi watu wazima kwanza, mfikirie kama wa miaka 6 yuko tayari. Hapo palikuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, kanisa la Anglikana likajengwa juu yake na madhabahu ikawekwa pale palipokuwa na mti wa kuchapia. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa mnyororo shingoni. Huwa nawaomba wageni wangu wasipige selfi pale. Njia iliyoleta watu sokoni hapo ilipitia bara, Tabora, Ugogo, Bagamoyo, misafara ile ilikuwa ikipita nchi yenu ya Dodoma ikitafuta maji, kwa hiyo nyinyi siyo watalii mahali pale, ni watu wa habari hiyo. Wa miaka 9 anaweza kuelezwa. Mwambie polepole na usimwonyeshe tu, kaeni kwanza nje chini ya kivuli.

Kisiwa cha Changuu na makobe yake makubwa kutoka Shelisheli, watoto watapapenda, boti ni kama nusu saa, ila kupanda na kushuka mara nyingi ni kukanyaga maji, mama abaki mjini anywe kahawa. Jela iliyoko pale haikuwahi kufunga mfungwa yeyote wa kawaida, ikageuzwa karantini. Makobe msiwapande mgongoni hata mkiambiwa ni sawa. Kizimkazi kwa pomboo mimi siwapeleki watu tena, boti kumi zinawafukuza wanyama wale mpaka wanazama kwa woga, sioni raha yake. Mkitaka Kizimkazi nendeni mkaone msikiti wa Dimbani, mihrabu yake ina maandishi ya mwaka 1107, na hapo mtu anaelewa pwani hii imeanza lini.

Mavazi: ufukweni hotelini vaeni mnavyotaka, mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, kanga moja kwenye mkoba inatatua kila kitu. Mifuko ya plastiki iacheni Dodoma.

Bado tarehe hujanipa. Ukishakata tiketi ya treni niandikie tarehe ya kufika na ya kuondoka, nitafungua jedwali la maji nikuandikie kila siku saa ya kujaa na saa ya kukupwa, na nikwambie asubuhi ipi ndiyo ya kwenda Jambiani. Mwambie na jirani yako, kama atataka kurudi, na yeye aniandikie.